Nakshi Juu ya Jiwe: Habari za Ufundi wa Vito, pamoja na Maneno Yake

I. Mawe ya Ugogo na jirani zake

Msafiri atokaye Dodoma kwenda kaskazini, apitapo nchi ya Haneti, huona mibuyu na miti ya miiba na udongo mkavu, wala hadhani ya kuwa katika vilima vile mna jiwe ambalo jina lake amelisikia kanisani. Katika Ufunuo, sura ya 21, misingi 12 ya mji mtakatifu yahesabiwa kwa vito vyake, na msingi wa kumi ni krisopraso. Kwa jina hilo wajuzi wa mawe wa siku hizi huliita jiwe la kijani lichimbwalo Haneti, lililoanza kufahamika katika masoko ya vito katika miaka ya 1980. Kweli, Wayunani wa kale waliyapa mawe majina kwa kuyatazama rangi, hata jina moja likaweza kuchukua mawe mawili au matatu; kwa hiyo hatuapi ya kuwa jiwe la Yohana ndilo hili. Lakini jina ni lile lile, na mwalimu asomaye sura hiyo mbele ya watu wa Chamwino ana sababu njema ya kusimama hapo kidogo.

Katika wilaya ya Mpwapwa nako, mahali paitwapo Winza, yakuti zilionekana mwishoni mwa mwaka 2007, na katika 2008 maelfu ya watu walikimbilia huko na sururu na majembe. Zilitoka nyekundu, zikatoka za samawati, na nyingine zilikuwa na rangi zote mbili katika jiwe moja. Zile nyekundu zilizo bora zilisifiwa ng'ambo kwa sababu rangi yake ilikuwa kamili pasipo kutiwa motoni, jambo lililo adimu, maana yakuti nyingi ziuzwazo duniani zimepitishwa katika moto ili ziwe safi. Wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka walikuja wakazinunua, nazo zikaenda kukatwa na kung'arishwa mbali.

Jambo hili ndilo lililotutia kuandika. Jiwe litokalo shimoni ni kitu kimoja, na jiwe lililokwisha kukatwa, likang'arishwa, likatiwa nakshi, ni kitu kingine. Kati ya hayo mawili pana ufundi. Tukiifuata historia ya ufundi huo tutaona neno moja likirudi kila mahali: faida na heshima vilikaa kwa mwenye ujuzi kuliko mwenye shimo, na vilidumu pale tu ujuzi ulipofundishwa.

II. Jiwe gumu hushindwa na nini

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ya kuwa kito huchongwa kwa patasi, kama mlango wa Unguja. Sivyo. Mwaka 1812 Friedrich Mohs aliyapanga mawe kwa ugumu katika daraja 10. La kumi ni almasi; la kenda ni yakuti; la saba ni jamii ya kwarzi, ambayo ndani yake mna bilauri ya mawe, na akiki, na krisopraso. Chuma cha kisu hakifiki saba, kwa hiyo huteleza juu ya akiki bila kuacha alama. Kinachoshinda jiwe ni jiwe jingine lililo gumu kulipita, lililosagwa likawa unga. Chombo chenyewe, kiwe cha shaba au cha chuma laini, kazi yake ni kuuchukua unga ule uliotiwa maji au mafuta. Unga ndio ukatao.

Siri hiyo ni ya kale sana. Nabii Yeremia, mwanzo wa sura ya 17, ataja kalamu ya chuma na ncha ngumu ichorayo. Neno la Kiebrania ni shamiri. Biblia yetu imelifasiri kuwa almasi, lakini wako wajuzi wengi wadhanio kuwa ni jiwe la kusugulia lenye korundi, ambalo unga wake ulitumiwa na mafundi wa kale. Nayo yakuti ni korundi ile ile iliyo safi. Hapa lugha yetu ina sifa ya kuangaliwa. Waingereza na Wafaransa huiita yakuti nyekundu kwa jina lake na ya samawati kwa jina jingine kabisa, kana kwamba hazina udugu. Kiswahili, kwa kufuata Kiarabu, husema yakuti na yakuti samawi, nacho kimesema kweli: ni jiwe moja lenye rangi mbili, kama shimo la Winza lilivyothibitisha.

Kazi yenyewe huenda kwa taratibu. Kwanza jiwe hupasuliwa. Kisha hubandikwa kwa lakiri juu ya ncha ya kijiti, ili vidole vipate pa kushika, likapewa umbo juu ya cherehe. Baadaye hulainishwa kwa unga ulio laini zaidi na zaidi, na mwisho hung'arishwa mpaka uso wake urudishe nuru kama maji yaliyotulia. Wengi huishia hapo. Nakshi huanza pale wengine wamalizapo, na kwa sababu hiyo ni ya hatari kuliko yote, maana kosa dogo laharibu kazi ya siku nyingi. Tena katika kuchora, desturi ya fundi wa vito ni kinyume cha ile ya seremala. Chombo kimefungwa mahali pake, kikizunguka, naye hulisogeza jiwe mbele ya chombo. Ni kama mtu ajifunzaye kuandika kwa kuisogeza karatasi chini ya kalamu isiyoondoka. Kwa hiyo mkono wa mwanafunzi hauna budi kuanza upya, hata kama alikuwa hodari wa kuchora katika ubao.

III. Watoboaji wa kwanza

Wako wasemao kwamba ufundi wa namna hii ni mgeni kabisa katika nchi za kati. Ardhi yenyewe yawapinga. Kondoa, katika nchi ile ya michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, pana pango liitwalo Kisese. Ray Inskeep alilichimba mwaka 1956, akakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na wataalamu waliozipima baadaye wameona kwamba zilizo za kale zaidi zimepita miaka 40,000. Pamoja na shanga zilizokwisha vilikuwapo vipande ambavyo kazi yake ilikomea njiani: ganda lililovunjwa, na kipande kilichotobolewa, na shanga ambayo ukingo wake haujasuguliwa. Kwa vipande hivyo twamwona fundi kana kwamba ameketi mbele yetu. Ganda la yai si kito, bali taratibu ya kuvunja, kutoboa na kusugua ndiyo ile ile ya fundi wa vito hata leo.

Kaskazini zaidi, katika Bonde la Ufa la Kenya, karibu na Nakuru, Louis na Mary Leakey walichimba pango la mto Njoro mwaka 1938. Walikuta mabaki ya wafu waliochomwa moto, na pamoja nao mamia ya shanga za mawe, nyingi za jamii ya akiki. Umri wake ni kama miaka 3,000. Watu wale hawakuwa na chuma. Walilishinda jiwe kwa jiwe, na kwa saburi. Mwalimu awezaye kumwonyesha mwanafunzi wake shanga moja ya akiki, akamwambia ya kuwa mtu wa nchi hizi aliitoboa kabla ya kuwako chuma, amekwisha kumfundisha jambo kubwa.

Lakini ufundi ule haukufika mpaka kwetu. Katika karne ya 19, misafara ilipopita Ugogo ikienda Unyanyembe, watemi walidai hongo kwa ajili ya maji na njia, wakalipwa nguo na shanga, nazo shanga zilikuwa za kioo, nyingi zikitoka Venice. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika majina ya aina nyingi za shanga za misafara, mojawapo ikiwa samesame, ile nyekundu iliyopendwa sana. Hivyo nchi ambayo watu wake wa kale walitoboa shanga kwa mikono yao ikafika kuuza maji yake kwa kioo chekundu cha ng'ambo. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu watemi, maana biashara yao walijua kuifanya. Twasema ili ijulikane ya kuwa ufundi usiporithishwa hupotea, hata ukiwa umekaa miaka elfu.

IV. Bilauri ya Zanji

Tuteremke sasa mpaka pwani, kwa maana habari za pwani zimeandikwa. Al-Biruni, mtaalamu mkubwa wa karne ya 11, alitunga kitabu juu ya vito. Asema humo ya kuwa bilauri ya mawe ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji na visiwa vya Dibajati, yaani Maldivi na jirani zake, na huko Basra ikafanyizwa vyombo. Zanji ni jina ambalo Waarabu waliipa pwani yetu na watu wake.

Tena aongeza habari ambayo kila mwalimu wa ufundi angefaa kuijua. Basra kulikuwa na mtu ambaye kazi yake haikuwa kuchonga. Kipande cha bilauri kililetwa mbele yake, naye alikitazama, akaona nyufa zake na mawingu yake, akaamua ni chombo gani kilicho bora kiwezacho kutoka ndani yake, akakitia alama. Kisha kilipelekwa kwa wachongaji. Naye alilipwa maradufu ya ujira wa hao wachongaji, kwa kuwa ujuzi hutangulia kazi. Jina lake kwa Kiarabu ni mukadiri. Na sisi tunalo shina lile lile katika kukadiri, na kadiri, na makadirio.

Hebu tuhesabu basi. Mtu wa Zanji aliyeokota jiwe alipata cha kwake. Baharia aliyelipakia alipata zaidi. Mchongaji wa Basra alipata zaidi tena. Na aliyepata kupita wachongaji wote ni yule aliyejua kutazama. Miaka elfu imepita, na hesabu hii haijabadilika sana. Mchimbaji auzaye jiwe ghafi pasipo kulikadiria amemwachia mnunuzi kazi ya mukadiri, na ujira wake pia.

Misri nako kulikuwa na mafundi wa bilauri. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyekaa Kairo mwishoni mwa miaka ya 1040, aliwaona katika Soko la Kandili wakiichonga kwa uzuri wa ajabu, na katika soko lile lile aliona pembe za ndovu zilizotoka Zanji. Katika miaka ya 1060 hazina ya khalifa ilitawanywa, na vyombo vingi vikafika Ulaya, na baadhi yake vikawekwa makanisani kuhifadhi masalio ya watakatifu. Katika hazina ya Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, uko mtungi mmoja wa namna hiyo, uliotobolewa ndani ya pande moja la bilauri, wenye simba wawili na jina la khalifa al-Aziz, aliyetawala 975 hadi 996. Jiwe lenyewe halisemi limetoka nchi gani. Jina lililochorwa juu yake ni la mfalme, wala si la mchimbaji.

Kwetu limebaki neno. Mtu aombaye bilauri ya maji mezani hafikiri ya kuwa anatamka jina la jiwe. Vyombo vya bilauri vilipofuatwa na vyombo vya kioo vilivyo rahisi, jina lilihama kutoka kwa jiwe likaingia katika kioo, na katika Kiswahili cha kila siku limekuwa jina la chombo cha kunywea tu. Biblia ndiyo iliyoihifadhi maana ya kwanza, maana bilauri ya Ufunuo ni jiwe lenye kung'aa.

V. Akiki na moto wake

Jiwe la pili la pwani ni akiki. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alikuta humo shanga za akiki nyekundu. Mji uliosifika kwa kazi hiyo ulikuwa Khambhat, katika Gujarati ya Uhindi, na mawe yake yalichimbwa Ratanpur. Jiwe la huko hutoka ardhini likiwa na rangi ya kijivu au ya udongo. Mafundi waliliweka juani kwanza, kisha wakalitia katika vyungu na kuvizungushia moto wa samadi, kwa kuwa chuma kilicho ndani ya jiwe hubadilika kwa joto, na jiwe likawa jekundu. Ndipo walipolipasua kwa nyundo ya pembe, wakalisugua, wakalitoboa kwa keekee ya uta yenye vipande vya almasi katika ncha yake, wakalitia katika mfuko wa ngozi pamoja na unga na maji, na mfuko ukasukwasukwa siku nyingi mpaka shanga ziking'ara.

Juu ya kilima cha Ratanpur liko kaburi la Bava Gor. Watu wa Gujarati waitwao Sidi, ambao asili yao ni Afrika, husimulia ya kuwa yeye alikuwa Mhabeshi, naye ndiye aliyeistawisha kazi ya akiki mahali pale. Na mafundi wa akiki wamemheshimu kuwa baba wa kazi yao. Hayo ni mapokeo, nasi tunayatoa kama mapokeo. Lakini mapokeo nayo ni ushahidi wa namna yake. Mafundi wa Uhindi, walipoulizwa ni nani aliyeikuza kazi yao, walimtaja mtu wa bara letu.

Tuangalie sasa jambo moja la ufundi lenye faida kwa Ugogo. Krisopraso ya Haneti ni ya jamii moja na akiki, hata tungeweza kuiita akiki ya kijani pasipo kukosea. Lakini rangi ya akiki nyekundu yatokana na chuma, na rangi ya krisopraso yatokana na nikeli pamoja na maji yaliyofungwa katika chembe zake. Moto uzidishao uzuri wa ile nyekundu huweza kuififisha hii ya kijani; hata jua kali la siku nyingi huweza kuipunguza. Fundi aliyejifunza kwa desturi ya Khambhat, akaja Haneti na vyungu vyake na moto wake, angeyaharibu mawe yote kwa ujuzi wake mwenyewe. Hata lakiri ya kubandikia isitiwe ikiwa ya moto mno. Basi ufundi hauhamishwi mzima mzima kama mzigo wa mpagazi. Hauna budi kujifunzwa upya kwa jiwe la mahali.

VI. Nakshi za namna tatu

Njia za kulipamba jiwe lililokwisha kung'arishwa ni nyingi, lakini za kale na za kujifunza kwanza ni tatu.

Ya kwanza ni nakshi ya kuzama, ambayo mistari yake imeingia ndani ya jiwe. Hii ndiyo ya muhuri. Katika Kutoka, sura ya 28, mawe mawili ya shohamu yalichorwa majina ya wana wa Israeli, sita kila jiwe, kwa namna ya muhuri. Na vito 12 vya kifuani vilichorwa kila kimoja jina la kabila lake. Mchoraji wa muhuri huandika kinyume, ili chapa itoke sawa katika nta au udongo. Aidha hana budi kufikiri kwa kina badala ya kimo, maana shimo alichimbalo zaidi ndilo litakalotokeza zaidi katika chapa. Kwa sababu hiyo mafundi hukanda donge la nta karibu nao, wakalibonyeza katika jiwe kila mara, wapate kuiona kazi yao upande wa pili.

Ya pili ni nakshi ya kutokeza, ambayo uwanda wake huondolewa na sura huachwa juu. Warumi waliipenda katika akiki yenye matabaka: tabaka nyeupe wakaifanya uso wa mtu, na tabaka nyeusi wakaiacha nyuma yake. Uzuri wote wa kazi hii umo katika kujua tabaka inaishia wapi kabla ya kuifikia; ndiyo kazi ya mukadiri tena. Nchi yetu imejaliwa jiwe lililofaa kwa nakshi hii kuliko mengi. Mwaka 1949 Tom Blevins, mtafuta madini Mwingereza, alilipata Longido jiwe la kijani lenye mapande makubwa ya yakuti nyekundu ndani yake. Likaitwa anyoliti, kwa neno la Kimaasai anyoli, lenye maana ya kijani. Yakuti zake hazipitishi nuru, hazifai kukatwa kwa pete za thamani. Lakini mchongaji huweza kuiacha ile nyekundu itokeze katika ile kijani. Ugumu wake si sawa, na hapo ndipo mtihani wa mwanafunzi ulipo, maana kijani hulika upesi na nyekundu hukataa.

Ya tatu ni kuandika kwa magadi, nayo haichimbi jiwe hata kidogo. Watu wa miji ya bonde la Sindhi, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, walijua kutia mistari myeupe juu ya akiki nyekundu isiyofutika. Ernest Mackay, katika miaka ya 1930, alimkuta mzee mmoja wa Sehwan aliyejua bado kazi hiyo, akaiandika. Magadi huchanganywa na utomvu wa mmea ili yashike; mchoro huandikwa kwa kalamu juu ya jiwe lililong'arishwa; jiwe likikauka hutiwa katika makaa, na likitolewa na kupoa husuguliwa, na mchoro hubaki mweupe. Msomaji aone ya kuwa magadi huuzwa katika masoko yetu, na makaa yako katika kila jiko. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha. Laiti mzee yule wa Sehwan asingeulizwa, tungekuwa na shanga, bali njia ya kuzifanya tungebaki kuikisia.

VII. Mji uliokwishiwa na mawe

Ujerumani uko mji uitwao Idar-Oberstein. Kwa karne kadha watu wake walisugua akiki za vilima vyao wenyewe, kwa magurudumu makubwa ya mawe yaliyozungushwa na maji ya mto, mafundi wakilala kifudifudi juu ya vibao na kulisukuma jiwe kwa nguvu ya mwili wote. Mwanzo wa karne ya 19 akiki zao zilikuwa zimekwisha kupungua sana, na vijana wengi wakahama. Wengine wao walifika Brazili, wakaziona akiki zimelala juu ya ardhi, wala wenyeji hawakuzijali. Tangu miaka ya 1830 mawe ya Brazili yakaanza kupakiwa melini kwenda Idar. Mji ule uliokwishiwa na mawe ukazidi kustawi, kwa kuwa mikono ilikuwapo, na baba alimfundisha mwanawe, na shule zikaongezwa. Hata leo vito vya dunia yote, vya Tanzania vikiwamo, hupelekwa huko kuchongwa.

Tulinganishe Idar na Haneti. Huku jiwe liko na mikono ni michache. Kule jiwe halipo na mikono ni mingi. Serikali ya Tanzania imelitambua jambo hili. Mwaka 2010 ilikataza tanzanaiti ghafi yenye uzito wa kupita gramu moja isitolewe nchini. Tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamefunguliwa mikoani, ili mchimbaji auze mahali palipo wazi. Tena Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha kukata, kung'arisha na kuchonga vito. Hizi ni hatua njema. Lakini amri ya kuzuia jiwe lisitoke haimfanyi mtu kuwa fundi. Jiwe lililozuiwa, likakatwa vibaya, limepoteza thamani kuliko lile lililouzwa ghafi, maana ghafi ingaliweza kukatwa vizuri siku nyingine.

VIII. Maneno, na kazi ya mwalimu

Wenyeji wa nchi zetu wana mithali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto asiyeweza kufua chuma bado, na akae kwenye mivukuto. Siku moja atashika nyundo. Ndivyo ufundi wa vito ulivyorithiwa Khambhat na Idar: mtoto alianza kwa kushika mfuko wa ngozi au kufagia unga, akamaliza kwa kuchora muhuri. Kwetu mvukuto huo haujajengwa kwa wingi, na kwa sehemu ni kwa sababu ya lugha. Mwanafunzi afundishwaye kila chombo kwa jina geni hudhani ya kuwa kazi yote ni ya wageni.

Lakini maneno tunayo, na mengi ni ya kale. Cherehe ni gurudumu la kunolea, neno lenye asili ya Kiajemi, ndugu wa cherehani. Keekee ni ya kutobolea, tupa ni ya kukerezea, jiliwa ni ya kubana, na lakiri ni ya kubandikia. Msasa ulikuwa kwanza jani la mti, lenye kukwaruza, la kusugulia ubao. Leo ni karatasi yenye mchanga, na jina halikupotea. Sonara ni mfua dhahabu na fedha, na kwake kito hutiwa katika pete. Nakshi ni mapambo yaliyochorwa, iwe katika mlango, iwe katika fedha, iwe katika jiwe. Kwa yule atazamaye jiwe na kuamua litakuwa nini, twapendekeza mkadiri wa vito, ili Kiswahili kiipokee kazi ya Basra pamoja na heshima yake. Na kwa vile ambavyo jina la kimataifa limekwisha kushika, kama krisopraso na anyoliti, hakuna haja ya kushindana.

Waalimu walio katika Mpwapwa, Kongwa, Chamwino na Kondoa waweza kufanya jambo lisilotaka fedha. Wawaulize wachimbaji wa Winza na Haneti maneno watumiayo kwa mishipa ya jiwe, kwa nyufa, kwa mawingu, kwa daraja za rangi, wakayaandike. Maana mtu ashindaye shimoni na jiwe hujua kulitazama kuliko adhaniavyo mwenyewe, na maneno yake ndiyo mwanzo wa ukadiri. Wakayaandike pia majina ya Kigogo, Kirangi na Kimaasai, kama lile la anyoli lililofika dunia nzima kutoka Longido.

Makasisi nao hawakosi fungu lao. Kutoka, sura ya 31, yamtaja Bezaleli kwa jina, naye alipewa hekima ya kukata vito vya kutiwa mahali pake. Wahubiri wengi huishia hapo. Sura ya 35 yaongeza ya kuwa yeye na Oholiabu walitiwa moyoni kufundisha wengine. Majina ya waliozichimba akiki na shohamu za kile kifuko cha kifuani hayakuandikwa. La fundi limeandikwa, na pamoja nalo limeandikwa kwamba alifundisha.